Kizimba Chenye Dirisha Moja

Jumatatu, 12 Januari

Muhula umeanza leo, na leo hii hii tumetishwa.

Mwalimu Mkuu, ambaye ni mama wa makamo, alisimama mbele yetu sisi kumi na wanne wa fizikia, kidato cha tatu, akafungua daftari jipya lenye jalada jekundu. Alisema kila kipindi chetu kitaandikwa humo. Tukisomeshwa walau dakika ishirini, ataandika "kimefanyika". Zikipungua hapo, ataandika "kimepotea". Vikipotea vipindi kumi kabla ya mwisho wa Machi, mkondo wa fizikia unafungwa, na sisi tunahamishiwa masomo ya biashara.

Shule yetu haina mwalimu wa fizikia tangu mwaka juzi. Tunafundishwa na mwalimu aliye mji mwingine, ambaye picha yake inatujia kwenye ukuta wa maabara kwa projekta. Anafundisha shule tano kwa mpigo. Tunamwita Mwalimu wa Ukutani, na hatujawahi kuiona miguu yake. Mtandao unaomleta unapokelewa na kisanduku cheupe kilichofungwa nyuma ya maabara. Mwaka jana kilikuwa juu ya paa, wezi wakajaribu kukichomoa. Sasa kiko ukutani, ndani ya kizimba cha chuma alichokitengeneza baba yangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea.

Sina ugomvi na biashara. Lakini kwenye fomu niliandika kwamba nataka kuwa mhandisi, na niliandika kwa wino.

Jumatano, 14 Januari

Kimefanyika. Nguvu na mwelekeo wake.

Ijumaa, 16 Januari

Kimepotea cha kwanza. Mwalimu wa Ukutani aliinua mkono kutuonyesha kitu, akaganda hivyo hivyo, mkono juu na mdomo wazi, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Tulicheka sana. Baada ya dakika ishirini na tano hakuna aliyecheka.

Jumatano, 21 Januari

Cha pili. Joto ni kali mno, mabati ya maabara yanalia yenyewe.

Jumatano, 28 Januari

Cha tatu. Ninayekaa naye dawati moja, tunayemwita Spika kwa sababu hajui kunong'ona, alimuuliza Mwalimu Mkuu kwa nini tuadhibiwe kwa kosa la mashine. Mwalimu Mkuu alisema hii si adhabu, ni utaratibu. Spika akaniambia, akidhani ananong'ona, "Utaratibu wenye fimbo." Darasa zima lilisikia, na Mwalimu Mkuu naye alisikia.

Ijumaa, 30 Januari

Kampuni ya mtandao imetuletea fundi. Alikuja na pikipiki, na kofia yake ya pikipiki hakuivua.

"Ni joto," alisema kabla hata hajazima injini.

"Umejuaje, na hujakiangalia?" Spika alimuuliza.

"Dada, nina miaka saba kwenye kazi hii."

Alizunguka nyuma ya maabara, akachungulia kisanduku kupitia kidirisha cha kizimba, akaona taa ya kijani inawaka, akaridhika. "Kipo vizuri. Jua likizidi kinachoka, kinajizima. Msubiri mvua."

"Mvua ni mwishoni mwa Machi," nilimwambia.

"Basi mwishoni mwa Machi mtafurahi."

Mwalimu Mkuu aliandika neno "joto" kwenye daftari jekundu, akalipigia mstari. Nilitamani kumuuliza fundi kwa nini kisanduku kinachochoka kinaacha taa yake ya kijani ikiwaka hata picha inapoganda, lakini nilimwacha aondoke. Usiku huu najilaumu.

Ijumaa, 6 Februari

Cha nne. Visima viwili vya mtaa vimekauka. Mama anaoshea vyombo kwa maji ya jana.

Jumatano, 11 Februari

Kipindi kilikuwa saa mbili asubuhi. Kulikuwa na mawingu na kibaridi, nusu ya darasa wamevaa masweta. Saa mbili na dakika kumi, Mwalimu wa Ukutani aliganda. Cha tano.

Nilijiambia: joto gani hili?

Niliomba ruhusa nikatoka, na badala ya kwenda chooni nilizunguka nyuma ya maabara. Pale, hatua tatu kutoka ukutani, lilikuwa limesimama boza la maji linaloijazia shule matangi. Ni refu kuliko kizimba na pana kama nyumba. Dereva alikuwa amekaa kwenye ndoo aliyoipindua, akichokonoa meno.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Hujaenda darasani?"

"Darasa langu umelisimamia."

Akaangalia chini ya matairi yake. "Wapi?"

Nilimwonyesha kizimba, kisha nikamwonyesha mnara wa simu ulioko ng'ambo ya barabara kuu, juu ya kilima. Boza lilikuwa katikati ya hivyo viwili. Alikuna kichwa. "Sasa mimi nifanyeje? Mpira wangu una mita kumi na mbili. Nikisogea kule haufiki. Na siji saa ninayotaka, nakuja kisima kikinipa zamu."

Mapumziko nilikwenda kwa mlinzi wa getini. Yeye huandika kila gari linaloingia na saa yake, kwa mwandiko mzuri kuliko wetu sote. Nililinganisha na shajara hii. Tarehe kumi na sita, ishirini na moja, ishirini na nane, sita, na leo: siku zote tano boza lilikuwa ndani wakati wa kipindi. Mara nyingine zote lilikuja kabla au baada.

Nilimpelekea Mwalimu Mkuu. Alinisikiliza, hilo nampa haki yake. Kisha akasema, "Wanafunzi mia sita wanakunywa maji hayo. Nyinyi mko kumi na wanne. Niambie wewe, nimfukuze nani?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini kuwa na hesabu sahihi hakumaanishi swali limeisha.

Ijumaa, 13 Februari

Kimefanyika, na mwishoni nilimuuliza Mwalimu wa Ukutani kuhusu boza mbele ya shule zote tano. Niliogopa watanicheka. Hawakunicheka, nadhani na wao wana maboza yao.

Alifurahi kama aliyeletewa zawadi. Alisema minara ya kisasa haimwagi mawimbi kila upande kama taa ya chumbani. Inayakusanya yawe miale myembamba, kama mtu aliyeshika tochi nyingi, kila tochi na namba yake, kila moja imeelekezwa kwake. Kisanduku huchagua mwale unaosikika vizuri zaidi, lakini sikio lake linabaki kwenye mingine.

"Sasa mwale wake ukizibwa," alisema, "kisanduku hakitakiwi kukaa kikilia. Kinahesabu: nimeukosa mara moja, mara mbili, mara tatu. Hesabu ikifika kiwango kilichowekwa, kinasema huu umekufa. Kinachagua mwingine kinaousikia, kinabisha hodi kupitia huo huo: ni mimi, nimehamia huku. Mnara ukiitika, kazi inaendelea. Yote hayo kabla hujamaliza kupiga chafya."

"Sasa mbona sisi tunakupoteza nusu saa?" nilimuuliza.

"Hilo ndilo swali. Jumatatu fungua ukurasa wa kisanduku kwenye kompyuta ya maabara, unisomee namba utakazoziona."

Jumatatu, 16 Februari

Nilizisoma.

Mwale unaotumika: 17. Miale mingine inayosikika: 0.

"Sifuri?" Mwalimu wa Ukutani aliuliza. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Changu hapa kinasikia sita," alisema. "Mwale haufiki kwa njia moja tu. Mwingine unapiga ukuta wa ghorofa, unarudi. Mwingine unagonga paa la bati. Kisanduku kisichosikia hata mmoja wa pembeni, kuna kitu kimekiziba masik..."

Akaganda. Boza lilikuwa limefika. Cha sita.

Jumatano, 18 Februari

Kabla ya kengele ya asubuhi nilikwenda nyuma ya maabara, nikasimama mbele ya kizimba kama nakiona kwa mara ya kwanza.

Ni kazi nzuri. Bati nene la chuma upande wa kushoto, kulia, juu, chini na mbele, maungio yote yamesuguliwa mpaka huoni yalipoanzia. Kufuli limefichwa ndani lisikatwe. Na mbele, mahali pamoja tu, kidirisha cha ukubwa wa daftari, kimeelekezwa kwenye mnara kwa usahihi ambao hata Mwalimu wa Ukutani angeusifu.

Niliijua hadithi ya kidirisha hicho. Mwaka jana fundi wa kampuni alimwambia Baba, "Acha nafasi uelekeo wa mnara." Baba akapanda juu ya meza na kamba na pima maji, akapiga mstari kutoka kisanduku mpaka mnara, akakata hapo na si pengine popote, asimwachie mwizi hata pa kuingiza bisibisi. Aliniambia, "Fundi hodari anakata palipoombwa, basi." Mimi ndiye niliyeshika futi.

Wala hakukosea aliloambiwa. Alilifanya vizuri mno. Tulikipa kisanduku jicho moja, tukakifunika mengine yote, na sasa tunakilaumu kwamba hakioni pembeni.

Mwalimu Mkuu alimsifu Baba kwa kizimba hicho mbele ya wazazi wote. Kwa sifa hiyo, zile shule nne tunazosoma nazo zimemwagiza vizimba kama hicho hicho. Viwili viko tayari karakana kwetu, vimepakwa rangi.

Leo kipindi kimefanyika na sikusikia hata neno.

Alhamisi, 19 Februari

Sijamwambia.

Ijumaa, 20 Februari

Kimefanyika. Sijamwambia. Mama aliniuliza kama naumwa.

Jumapili, 22 Februari

Nimemwambia.

Mama ndiye aliyenisukuma. Nilikuwa namsaidia kukunja nguo, nikamweleza yote. Akasema, "Baba yako utamficha mpaka lini? Akija kulisikia mtaani, litamuuma mara mbili." Nikasema atakasirika. Mama akasema, "Acha akasirike. Hasira ni yake, atajua pa kuiweka."

Baba alikuwa sebuleni, anasafisha miwani yake ya kazi kwa pindo la shati. Nilisimama, sikukaa. Nilimweleza kuhusu boza, kuhusu miale, kuhusu sifuri. Nilichora kwenye karatasi: mnara, boza, kizimba, na pembeni ghala la nafaka lililo jirani na shule. Mwishoni nilisema, "Kwa hiyo, Baba, kinachotukosesha si joto. Ni kizimba."

Alivaa miwani yake ya kusomea, akaitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Kizimba changu."

"Ndiyo, Baba."

"Nani amesema? Mwalimu wenu huyo asiye na miguu?"

"Amesema kuna kilichokiziba. Kizimba nimekiona mwenyewe."

"Wewe." Akaondoa miwani. "Miaka ishirini na mbili nachomelea. Milango ya benki nimetengeneza. Hakuna mtu aliyewahi kurudi kwangu kuniambia, fundi, mlango wako unafunga kupita kiasi."

"Hawa wa benki hawapitishi miale, Baba."

Ilinitoka tu. Mama alikohoa kutoka chumbani, na kikohozi kile kilikuwa kicheko. Baba hakucheka. Aliinuka, akaenda karakana, na Jumapili yote tulisikia grinda ikilia, ingawa hakuna kazi aliyokuwa ameahidi mtu.

Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilisema kweli kwa adabu, nikiwa nimesimama wima, na kama ingebidi niiseme tena ningeisema.

Jumatano, 25 Februari

Kimefanyika. Baba anaitikia salamu, basi.

Jumatatu, 2 Machi

Cha saba. Kisima kingine kimekauka. Boza sasa linakuja karibu kila siku.

Jumatano, 4 Machi

Cha nane. Wawili kati yetu wameomba wenyewe kuhamia biashara. Mmoja alinikumbatia kabla ya kwenda, kana kwamba mimi ndiye ninayesafiri.

Ijumaa, 6 Machi

Kimefanyika. Tuko kumi na wawili. Fundi wa kampuni alipigiwa simu, akasema joto la Machi ndilo baya zaidi.

Jumapili, 8 Machi

Asubuhi Baba aliniita karakana. Niliingia nikijiandaa kusemwa. Alikuwa ameikata ile karatasi yangu ikabaki mchoro tu, akaubandika ukutani juu ya benchi, pale anapobandika vipimo vya wateja. Amekuwa akiuangalia wiki mbili nzima, na mimi nilidhani ameninyamazia!

"Hapa," alisema, akagusa ghala la nafaka nililolichora pembeni. "Ghala hili lina ukuta wa bati upande wa huku. Mwale ukilipiga, unarudi shuleni?"

"Mwalimu anasema inawezekana."

"Si inawezekana. Nilikwenda juzi na kioo, nikamulika jua kutoka upande wa mnara. Linarudi. Linaangukia ukuta wa maabara." Alisema hivyo kwa ukali, kama anayenigombeza. "Sasa niambie. Chuma kinazuia. Mbao?"

"Kidogo."

"Plastiki?"

"Nyembamba haizuii, miale inapita karibu yote."

Nyuma ya karakana tuna tangi la plastiki la maji lililopasuka mwaka juzi. Aliligeukia akalitazama kama mtu anayemtazama mkwe asiyempenda.

"Plastiki," alisema. "Mimi. Nizibe ndoo uzeeni."

"Baba, si lazima..."

"Nyamaza, ushike futi."

Tulikata kipande cha ubavu wa tangi, kilichobinuka chenyewe kama mgongo wa kobe. Chuma kikabaki mgongoni tu, upande wa ukuta, na bolti zote zinafungiwa kwa ndani ya maabara. Kwa nje mwizi haoni kisanduku wala kufuli, anaona kitu kama beseni lililosahaulika ukutani. Seremala wa jirani alichungulia. "Fundi, umehamia vyombo vya jikoni?"

"Ndiyo," Baba alimjibu. "Na chungu chako kitakuwa tayari Jumanne."

Nilimuuliza kuhusu vile vizimba viwili vilivyokwisha kupakwa rangi. Alisema, "Vitakuwa vibanda vya kuku."

Nilikuwa nikimwogopa baba yangu kwa sababu ya hasira zake. Kumbe akinyamaza anafikiri, na mimi sikuwa nimejifunza kuitofautisha sura moja na nyingine.

Jumatano, 11 Machi

Cha tisa, kabla ya kulifunga beseni letu. Kimebaki kimoja.

Alhamisi, 12 Machi

Tulikwenda kwa Mwalimu Mkuu, Baba na mimi. Baba alivaa shati lake la misibani.

"Fundi wa kampuni anasema joto," Mwalimu Mkuu alisema. "Mwanafunzi wa kidato cha tatu anasema kizimba. Ungekuwa wewe, ungemsikiliza nani?"

"Mimi ndiye niliyekitengeneza hicho kizimba," Baba alisema, "na mimi namsikiliza huyu."

Mwalimu Mkuu aliuliza, "Na kisanduku kikiibwa?"

"Jumatatu nimekesha karakana mpaka asubuhi na bisibisi zangu zote, nikijaribu kufungua kazi yangu mwenyewe. Haikufunguka."

"Sawa. Kifungeni kifuniko chenu Jumamosi. Lakini mnisikie vizuri. Vimepotea tisa, na kesho hakuna kipindi. Jumatatu kikipotea cha kumi, nafunga mkondo, na sitaki kusikia habari ya boza."

Hapo ndipo niliposema neno ambalo Spika anadai lilinitoka kwa wazimu. Nilisema, "Basi Jumatatu tuliite boza."

"Unasemaje?"

"Lije saa ya kipindi, makusudi, lisimame pale pale. Tukilikwepa Jumatatu, litatukuta Jumatano. Nataka lisimame ukiwa unaangalia."

Mwalimu Mkuu alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama. Si kwa hasira. Ni kama mtu aliyesoma jibu akarudi kulisoma tena.

"Una hakika?"

"Sina hakika, Mwalimu. Lakini nina sababu."

Jumamosi, 14 Machi

Tumelifunga. Kizimba cha chuma kilishushwa na watu watatu. Nilikimbia kwenye kompyuta.

Mwale unaotumika: 17. Miale mingine inayosikika: 4.

Nilipiga kelele, Spika akanishinda kwa kelele. Baba alisema "Hm," akaendelea kukaza bolti iliyokwisha kukazika.

Jumatatu, 16 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Kipindi kilianza saa nne kasoro robo. Mwalimu Mkuu alikaa kiti cha nyuma, daftari jekundu magotini, peni imefunguliwa. Baba alisimama mlangoni. Mwalimu wa Ukutani tulikuwa tumemweleza, akasema atafundisha kama kawaida na hatasubiri chochote.

Dakika ya sita tulisikia boza linaingia getini. Dereva nilikuwa nimemwomba jana, naye alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake kisimani ili awahi. Alilirudisha nyuma taratibu, tiii, tiii, tiii, mpaka kivuli chake kikapita kwenye madirisha ya nyuma na maabara ikawa giza kidogo.

"Kasi ya kitu hiki," Mwalimu wa Ukutani alikuwa akisema, "haibadiliki mpaka..."

Akaganda. Mkono juu.

Nilisikia peni ya Mwalimu Mkuu ikigusa karatasi. Spika alinishika mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Nikahesabu, kwa sababu kisanduku nacho kilikuwa kinahesabu huko nyuma: moja. Mbili. Niliwaza, bisha hodi. Tafadhali, bisha hodi. Tatu.

"...mpaka nguvu nyingine iingilie kati," Mwalimu wa Ukutani alisema, akashusha mkono. "Nani anipe mfano?"

Hakuna aliyempa mfano. Tulikuwa tunapiga kelele.

"Inaonekana mmefurahia sana kanuni hii," alisema.

Nilifungua ukurasa wa kisanduku. Mwale unaotumika: 23. Ni ule wa ghala, sina shaka, kwa sababu boza lilikuwa bado limesimama pale, likimwaga maji kwa dakika ishirini na nane nzima, na kwa dakika ishirini na nane zote tulisoma. Dereva alipoondoka, kisanduku kilirudi kwenye kumi na saba na hatukuhisi hata kidogo.

Mwalimu Mkuu aliandika "kimefanyika". Kisha akamwuliza Baba, kwa sauti ya chini, kama anaweza pia kutengeneza paa la jikoni. Baba alisema ataliangalia. Alipotoka nje nilimwona akipangusa miwani, na haikuwa na vumbi.

Jumatano, 18 Machi

Kimefanyika. Boza lilikuwepo.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua! Imenyesha kuanzia alfajiri. Kimefanyika.

Jumatatu, 23 Machi

Kimefanyika. Matangi yamejaa maji ya mvua, boza halikuja. Mmoja wa wale wawili waliohamia biashara amerudi.

Ijumaa, 27 Machi

Leo, siku ya mwisho kabla ya likizo, Mwalimu Mkuu alilifunga daftari jekundu. Tisa, haikufika kumi. Mkondo unaendelea. Ningeishia hapa kama fundi wa kampuni asingekuja.

Alikuja na pikipiki yake na fomu ya kufunga tatizo. Aliipeleka ofisini, nami nikaitwa nisaini kwa niaba ya darasa. Niliisoma yote, kama tulivyofundishwa kusoma kabla ya kusaini.

Chanzo: joto kali. Hatua iliyochukuliwa: hakuna. Hali ya sasa: tatizo limeisha lenyewe baada ya mvua. Nakala: shule zote tano.

"Siwezi kusaini hii," nilisema.

"Dada, ni karatasi tu."

"Ni karatasi inayokwenda shule tano. Baba amewaambia wasubiri vifuniko vya plastiki, wao wanasema watasubiri kauli ya kampuni. Wakisoma hii watajifungia chuma, na kiangazi kijacho watapoteza vipindi kumi."

"Wewe mtandao wako si unafanya kazi?"

"Wangu unafanya."

Akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Mama, nina shule nyingine mbili leo."

Mwalimu Mkuu alisema, "Saini tu, mwanangu. Kwetu yamekwisha."

Ni mara ya kwanza ameniita mwanangu. Lakini niliiweka peni mezani, nikairudisha mahali pake kabisa, sambamba na rula.

"Samahani, Mwalimu. Nitasaini iliyo ya kweli."

Mvua ilikuwa inagonga dirisha. Mwalimu Mkuu aliivuta fomu upande wake, akaisoma upya, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye "joto kali" kidole kilisimama. Alikuwa ameliandika neno hilo mwenyewe mwezi wa kwanza, akalipigia mstari. Alichukua peni akalikata, mara moja, kwa nguvu, wino ukapenya mpaka upande wa pili.

Akavuta karatasi nyeupe, akavaa miwani.

"Tamka polepole," aliniambia, "niandike."

Nilitamka. Tulipoanza ukurasa wa pili, fundi wa kampuni aliivua kofia yake ya pikipiki, akatafuta kiti.